Pesa Hizi Zitamponya?

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi katika mkutano wa Jumapili. Tunayachapa yote, kwa kuwa wengine walikuwa zamu na hawakuyasikia.)



Katika mkutano uliopita ilisomwa barua ya kuomba mchango kwa ajili ya ndugu yetu mmoja, mwanachama wa tangu zamani, ambaye ni mgonjwa. Barua ilisema ana kansa iitwayo angiosakoma, nayo imo katika ini. Ndipo mama mmoja aliyeketi pale nyuma akasimama akauliza neno moja tu: "Pesa hizi tukizitoa, zitamponya?" Hapakuwa na mtu wa kumjibu. Katibu aliitazama ile barua, akaikunja, tukaingia katika shauri la mishahara.

Baadaye kamati ilinijia mimi, kwa sababu nilifanya kazi ya uuguzi miaka 26, na katika hiyo miaka 9 nilikuwa wodi ya kansa, nikitundika dripu kwa mikono yangu hii. Kwanza nilikwenda kumwona mgonjwa mwenyewe. Amenipa ruhusa kueleza ugonjwa wake, ila jina lake nisilitaje. Aliniambia, "Waambie kweli. Mimi daktari ameniambia kweli na sikufa siku ile." Basi nitasema kweli, na mama yule namwomba radhi mapema, kwa maana jibu lake si fupi kama swali lake.

Ugonjwa wenyewe ni hivi. Mishipa ya damu ina utando mwembamba kwa ndani, mfano wa bomba lililopakwa rangi upande wa ndani. Chembe za utando huo zikiacha kufuata amri ya mwili na kuanza kuzaana ovyo, hiyo ndiyo angiosakoma. Kwa kuwa mishipa ya damu iko kila mahali, kansa hii yaweza kutokea katika ngozi ya kichwa, katika titi, katika moyo, katika wengu, au katika ini. Kwenye ngozi huonekana kama alama ya mtu aliyegongwa, rangi ya zambarau, isiyopona. Kwenye ini haionekani. Mtu huona amechoka, anakonda, tumbo linajaa, pana maumivu chini ya mbavu za kulia, naye hudhani ni vidonda vya tumbo au ni kazi. Wengi hufika hospitali uvimbe umekwisha kutapakaa. Pengine uvimbe hupasuka, damu ikamwagika tumboni.

Ni ugonjwa wa nadra sana. Kansa za nyama laini za mwili, ambazo madaktari huziita sakoma, ni chache kwanza zenyewe, na katika kila 100 za hizo angiosakoma ni moja au mbili tu. Ndiyo sababu hata mganga wa miaka mingi aweza kustaafu asiuone.

Hapa nasimama kidogo, maana nimesikia watu wakisema, "Hiyo si ile ya Kaposi?" Siyo. Kaposi nayo hutoka katika utando wa mishipa, lakini huletwa na kirusi, na huwapata sana watu wenye ukimwi. Dawa za dripu huiweza vizuri zaidi. Mwaka 2020 yalitangazwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa katika nchi sita, Kenya ikiwamo, kwa wagonjwa 334 wa Kaposi waliokuwa pia wakinywa dawa za ukimwi. Baada ya wiki 48, katika kila 100 waliopewa paklitakseli, 64 walikuwa hai na ugonjwa haujazidi. Kwa waliopewa zile dawa mbili za zamani zinazotolewa pamoja, walikuwa 44. Basi mtu akikuambia, "Jirani yangu alikuwa na kansa ya mishipa akapata nafuu kwa dripu," muulize kwanza ilikuwa ipi.

Sasa habari inayotuhusu sisi kama wafanyakazi. Mengi yanayojulikana leo juu ya kansa hii ya ini yalianzia kiwandani.

Katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani, kampuni ya B.F. Goodrich ilikuwa na kiwanda cha kutengeneza ile plastiki ya PVC, ambayo hufanywa mabomba, ngozi ya nyaya za umeme, na mambo mengine mengi. Plastiki hiyo hutokana na gesi iitwayo vinili kloraidi. Gesi hutiwa ndani ya mtungi mkubwa wa chuma, inachemshwa na kukorogwa mpaka inageuka kuwa unga. Zamani, kila baada ya mpiko, ukoko mgumu ulibaki kwenye kuta za mtungi. Mtu aliteremshwa ndani na chombo cha kukwangulia, akakwangua. Gesi nayo ilikuwa bado imo humo. Watu walitoka wakiyumba kama walevi, na wengine mifupa ya ncha za vidole vyao ililika ikawa mifupi. Mshahara ulikuwa mzuri, kazi ikaendelea.

Daktari wa kiwanda hicho, John Creech, akaona jambo la ajabu: wafanyakazi wake walikuwa wakifa kwa kansa ile ile ya nadra ya ini. Januari 1974 kampuni ikaiarifu serikali. Mwezi wa Februari ikachapishwa habari ya wagonjwa wanne, waliotokea kati ya 1967 na 1973. Wanne, ndugu zangu, katika kiwanda kimoja, kwa ugonjwa ambao mji mzima waweza kukaa miaka usiuone.

Italia walikuwa wamekwisha kuonywa. Daktari Viola alieleza mbele ya mkutano wa kansa mwaka 1970 kwamba panya waliovutishwa gesi hiyo walipata uvimbe. Baada yake Profesa Maltoni wa Bologna akaona kansa ile ile ya mishipa ya ini katika panya, kwa gesi kidogo zaidi. Makampuni yaliyolipia kazi ya Maltoni yalijua matokeo kabla ya wafanyakazi kujua. Hilo mimi huliona baya kuliko gesi yenyewe.

Sheria ya Marekani wakati huo iliruhusu sehemu 500 za gesi katika kila sehemu milioni moja za hewa. Aprili 1974 serikali ikashusha mpaka 50. Oktoba ikaamuru sehemu moja tu, kwa wastani wa saa nane za kazi. Matajiri wakapiga kelele kwamba haiwezekani, viwanda vitafungwa, watu watakosa kazi. Wakaenda mahakamani, wakashindwa mwaka 1975. Kisha wakafanya lile walilosema haliwezekani: waliziba mitungi, wakasafisha kwa maji yenye nguvu badala ya mtu mwenye chombo cha kukwangulia, wakakamata gesi iliyokuwa ikivuja. Viwanda havikufa. Na karibu wote waliougua kansa hiyo kwa sababu ya gesi ile walikuwa wameanza kazi kabla ya sheria mpya. Ugonjwa huu hukaa kimya miaka 20 na zaidi kabla ya kujitokeza. Mtu amekwisha kuhama, amestaafu, amesahau hata jina la msimamizi wake.

Nitarudi hapo. Kwanza nimjibu mama.

Dawa zinazotumiwa zaidi kwa angiosakoma ni mbili. Ya kwanza ni dokisorubisini. Ni nyekundu kama juisi ya zambarau, na mgonjwa huweza kukojoa mkojo mwekundu siku hiyo. Jamaa wakiona hudhani ni damu, wakalia. Si damu. Dawa hii hunyoa nywele, hutapisha, hupunguza chembe za damu mpaka homa ndogo yaweza kuwa hatari. Huumiza pia moyo, kwa hiyo kuna kiasi ambacho mtu akishakifikia katika maisha yake yote haongezewi. Ini likiwa limechoka sana, kipimo hupunguzwa au dawa isitolewe kabisa. Ya pili ni hiyo paklitakseli niliyoitaja. Asili yake ni ganda la mti wa misitu ya magharibi ya Marekani. Kwa ugonjwa huu mara nyingi hutolewa kila wiki. Hutia ganzi vidole vya mikono na miguu. Fundi huona hawezi kushika msumari, na mara nyingine ganzi hubaki hata dawa ikisha.

Zinafanya nini? Mwaka 2014 zilichapishwa hesabu za wagonjwa 108 wa angiosakoma iliyokwisha kuenea, waliotibiwa Ulaya kwa dawa za jamii ya dokisorubisini. Katika kila 100, kama 25 uvimbe ulipungua kwa kipimo cha picha. Nusu ya wagonjwa ugonjwa ulikuwa umeanza tena kukua, au wamekufa, kabla ya miezi mitano kutimia. Nusu walikuwa wamefariki kabla ya miezi kumi.

Ufaransa walijaribu paklitakseli ya kila wiki kwa wagonjwa 30, matokeo yakatoka 2008. Baada ya miezi miwili, 74 katika kila 100 ugonjwa ulikuwa haujasonga mbele. Baada ya miezi minne walibaki 45. Nusu walifariki kabla ya miezi minane au karibu na hapo. Msizichukue hesabu hizi mbili na kusema dawa nyekundu ni bora kwa miezi miwili. Wagonjwa hawakuwa wale wale, na wengine wa Ufaransa walikuwa wamekwisha kutibiwa na dawa nyingine kabla.

Yafaa kuelewa neno "nusu". Daktari akisema miezi kumi, hasemi kwamba siku ya mwezi wa kumi mtu atakufa. Nusu hufa kabla, nusu huvuka, na wachache huvuka mbali. Katika wale 30 wa Ufaransa walikuwako watatu wenye uvimbe wa titi usiokatika kwa kisu. Dawa ikaupunguza mpaka wakapasuliwa kwa nia ya kuponywa, na wawili kati yao nyama iliyotolewa ilipopimwa haikuwa tena na kansa. Kwa hiyo si kweli kwamba dawa hizi ni bure. Lakini hao walikuwa na uvimbe mahali ambapo kisu kingeweza kufika. Ndugu yetu uvimbe wake umetapakaa pande zote mbili za ini. Daktari wake amekwisha kusema hakuna pa kukata.

Basi mama, jibu ni hili: hazitamponya. Zaweza kumpa miezi, na zaweza kumpunguzia maumivu katika miezi hiyo. Nasema "zaweza", kwa kuwa wengine haziwafanyii kitu.

Katika wodi nilimhudumia mwashi mmoja mwenye kansa ya namna hii. Alipokuja alikuwa akilala ameketi, hawezi kunyosha mgongo kwa tumbo kujaa. Baada ya dripu ya tatu akalala chali kama watu wengine. Alirudi nyumbani, akapaua nyumba yake aliyoiacha kuta tupu miaka sita, akafa mwezi wa saba. Mke wake alikuja kutuletea ndizi. Mwingine alikuwa mama wa watoto wanne. Tulimpa miezi miwili, picha ikaonyesha uvimbe umeongezeka, daktari akasema tusimame. Jamaa zake walikasirika, wakasema tunamnyima dawa kwa umaskini wake. Wakauza ng'ombe wawili na kiwanja, wakampeleka mahali pengine pa kulipia. Kule alitundikiwa dawa ile ile tuliyokuwa tumeisimamisha, jina la kwenye chupa likiwa lingine kwa sababu ilitoka kampuni nyingine. Alifariki baada ya wiki tatu, na kiwanja hakikurudi.

Kwa ajili ya huyo mama ndiyo nasema neno hili wazi. Jamaa za ndugu yetu wanataka kuuza ekari moja na nusu wampeleke ng'ambo akabadilishiwe ini. Nimekaa nao juzi. Nimewaambia: Ulaya waliwahi kuandika habari za wagonjwa 22 wa kansa hii waliopewa ini la mtu mwingine, na hakuna hata mmoja aliyevuka miezi 23, kwa sababu kansa ilirudi katika ini jipya. Tangu hapo madaktari wanaoujua ugonjwa huu hawashauri jambo hilo. Atakayekubali kuchukua pesa za ekari hiyo kwa kazi hiyo atakuwa amechukua pesa tu.

Tena wasidhani dawa za ng'ambo ni nyingine. Dokisorubisini na paklitakseli ziko katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, nazo hutolewa hapa hapa nchini, Hospitali ya Kenyatta, Hospitali ya Moi kule Eldoret, na kwingineko. Hata dawa mpya za bei kali si ahadi. Kuna vidonge viitwavyo pazopanibu. Wakavijaribu vikiwa peke yake na vikiwa pamoja na dawa nyingine mpya, kwa wagonjwa 123 wa angiosakoma. Mwaka 2019 majaribio yakasimamishwa. Kwa vidonge peke yake ugonjwa ulitulia kwa wastani miezi 4.3. Kwa dawa mbili, miezi 4.2.

Mchango wetu basi uende wapi? Mimi nasema tuutoe, na tusiupunguze. Bima ya SHA, iliyoshika nafasi ya NHIF mwaka 2024, ina sehemu ya matibabu ya kansa, lakini haimlipii mtu nauli ya kila wiki, wala chakula cha mke anayelala kwenye benchi, wala kodi ya nyumba wakati mgonjwa hana mshahara. Wakati dripu haifai tena, kuna mofini ya kunywa, ambayo si ya kumwua mtu kama wengi wanavyonong'ona; ni ya kumwezesha kulala. Na kila baada ya miezi miwili hivi lazima picha ipigwe, ijulikane dawa inafanya kazi au inamchosha bure. Nimewashauri jamaa wamwulize daktari hivyo tangu siku ya kwanza: tutajuaje kwamba inafaa, na tutajuaje wakati wa kuacha? Daktari mzuri hachukii maswali hayo.

Sasa narudi kwenye kazi. Ndugu yetu hakufanya kazi ya plastiki. Kati ya 1988 na 2003 alifanya kazi katika yadi ya kutia nguzo dawa, zile nguzo za umeme na simu mnazoziona zina rangi ya kijani. Dawa hiyo ina shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni mojawapo ya vitu vilivyojulikana kuleta angiosakoma ya ini; walioonekana nayo ni pamoja na wakulima wa mizabibu wa Ujerumani, waliokuwa wakinyunyiza aseniki mashambani zamani. Ndugu yetu anasema walivuta nguzo kutoka katika tangi zikiwa bado zinachuruzika, glavu zikitoboka hupewi nyingine mpaka mwisho wa mwezi, na chakula walikula pale pale. Kusema kwamba ni kazi iliyomletea ugonjwa ni shauri la madaktari na la ofisi ya serikali ya usalama kazini. Lakini shauri hilo haliwezi hata kufunguliwa bila karatasi. Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya mwaka 2007 inayataja magonjwa ya kazi pamoja na ajali. Ndugu yetu ana barua moja tu ya zamani, nayo yasema "kibarua". Haisemi alikuwa akifanya nini.

Pale Porto Marghera, karibu na Venice, alikuwako mfanyakazi wa kiwanda cha plastiki, Gabriele Bortolozzo. Hakuwa daktari. Alianza kuandika majina ya wenzake waliougua na kufa, na kazi ambayo kila mmoja aliifanya. Mwaka 1994 akaipeleka orodha yake kwa mwendesha mashtaka. Mwaka uliofuata alikufa kwa ajali barabarani akiendesha baiskeli, lakini orodha ilibaki. Kesi ilianza 1998. Mwaka 2001 wakubwa wa viwanda wakaachiliwa wote. Rufani ikasikizwa, na mwaka 2004 watano wakatiwa hatiani.

Sisi tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ni ya 2007. Inasema mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanyakazi wawe na watu wao humo. Inataka pia kila kemikali iwe na karatasi ya maelezo yake. Nilipouliza hapa mlangoni leo ni nani ameiona karatasi hiyo kazini kwake, waliinua mikono watu watatu. Wengine wanasema kamati yao ilikutana mara ya mwisho kupigwa picha. Nawaomba wanakamati wa idara za rangi, gundi na dawa za mbao wailete karatasi hiyo katika mkutano ujao, tuisome pamoja. Mahali penye Kiingereza kigumu nitasaidia.

Dripu ya kwanza ya ndugu yetu ni Jumanne ya wiki ijayo. Huenda akahitaji damu, kwa hiyo watu wawili au watatu wenye afya wajiandikishe kwa Katibu. Mweka Hazina ameleta kitabu cha risiti, kila shilingi iandikwe. Na wale waliofanya kazi pamoja naye katika yadi ile kati ya 1988 na 2003, nawaona wawili hapa na nasikia wengine wako Nakuru, msiondoke kabla hatujaandika majina yenu, mlikuwa tangi gani, na miaka ipi. Kalamu na daftari viko mezani.